Mianzi kwenye nyumba kongwe: pale inapofaa na pale isipofaa

Swali: Nimeachiwa nyumba ya zamani ya ghorofa moja. Kuta za nje ni mawe yaliyojengwa kwa chokaa, kuta za ndani ni fito zilizokandikwa udongo na kupakwa chokaa, na sakafu ya juu ni mbao zilizolazwa juu ya boriti. Boriti kadhaa zimeliwa na mchwa, na kuta za ndani zinameguka. Fundi wangu anataka kutumia mianzi kila mahali: badala ya boriti, badala ya nondo kwenye zege la sakafu ya bafu la juu, na kwenye kuta za ndani. Anasema mwanzi ni imara kuliko chuma, ni nafuu na ni rafiki wa mazingira. Je, nimsikilize? Na zile mbao za mianzi za kiwandani, zinafaa kwa sakafu?

Jibu: Ndugu yangu, katika mapendekezo matatu ya fundi wako, moja ni zuri sana na mawili yatakuingiza hasara. Kuta za ndani mwache azisuke kwa mianzi, na huko ndiko nitakakokaa zaidi kwenye jibu hili. Boriti za mianzi na zege la mianzi, mkatalie. Si kwamba hana ujuzi. Mwanzi ni kitu kinachopendwa haraka, na fundi akishaupenda huuona unafaa kila pembe ya nyumba.

Kwenye majengo kongwe mimi hufuata masharti matatu. Mwanzi uende mahali penye mzigo mdogo, mahali pakavu, na mahali ambapo siku moja utaweza kuutoa bila kubomoa kilichokuwepo kabla yako. Likikosekana hata sharti moja, tafuta kitu kingine.

Lakini kabla ya kununua mwanzi wowote, tafuta maji yanaingilia wapi. Mchwa kwenye boriti na udongo unaomeguka, mara nyingi chanzo ni kimoja, nacho ni unyevu. Kagua paa, kagua mabomba ya hilo bafu la juu, kagua kama udongo wa nje umepanda na kuufunika ukuta kwa chini. Angalia pia kama kuna mtu aliyewahi kupiga plasta ya saruji juu ya kuta zako za chokaa. Nyumba za namna hiyo nyingi zimeharibiwa na ukarabati huo kuliko zilivyoharibiwa na umri, kwa sababu ukuta wa chokaa huingiza unyevu na kuutoa, na saruji huuziba usitoke. Maji yanabaki ndani, yanapanda, yanafika kwenye ncha za boriti. Ukiingiza mianzi kwenye nyumba ambayo ugonjwa huo haujatibiwa, itaisha haraka kuliko mbao zilizotangulia.

Sasa hizo boriti. Usizitoe bado. Chukua bisibisi yenye ncha, uichome kwenye kila boriti kuanzia pale inapoingia ukutani hadi katikati ya chumba. Utakuta mara nyingi ubovu uko kwenye ncha tu, sentimita thelathini hadi hamsini hivi, kwa sababu hapo mbao imezama kwenye jiwe lenye unyevu na haipati hewa. Sehemu ya kati huenda ni mbao ya mti uliokomaa polepole, ngumu, ya aina ambayo leo huipati kirahisi. Seremala mzuri hukata ncha iliyooza na kuunga mbao mpya kwa bolti, au hushika boriti ubavuni kwa mbao mbili, na boriti inaendelea na kazi. Zile zilizotobolewa mpaka katikati ndizo za kubadilisha, na zibadilishwe kwa mbao.

Kwa nini si kwa mianzi? Tufanye hesabu. Tuseme boriti yako ina unene wa milimita 50 na kina cha milimita 200. Mwanzi mzuri wa kujengea una kipenyo cha milimita 100 na unene wa ukuta wake ni milimita 10. Ukilinganisha ukakamavu, yaani uwezo wa kubeba bila kupinda, utahitaji mianzi kama minane kuziba nafasi ya boriti moja. Mwanzi wenyewe si dhaifu, ila umbo lake ni la mviringo, kina chake ni nusu ya kile cha boriti, na katikati mna uwazi. Mianzi minane haina mgongo ulionyooka wa kupigilia mbao za sakafu, kila mmoja una kipenyo chake, na wote huwa wembamba kadiri unavyoelekea kileleni. Juu ya hayo, mwanzi uliobeba mzigo mfululizo kwa miaka huendelea kulegea na kubonyea polepole. Sakafu itakayokufurahisha mwaka wa kwanza itakuwa na bonde baadaye.

Sisemi kwamba mwanzi haubebi jengo. Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, lina kiwango cha usanifu wa miundo ya mianzi, namba 22156, kilichosahihishwa mwaka 2021. Kiwango hicho kinahusu majengo ya sakafu moja au mbili yasiyozidi urefu wa mita 7, na kwa mipaka hiyo mwanzi unabeba kila kitu kuanzia nguzo hadi paa. Ila hayo ni majengo yaliyochorwa kwa ajili ya mwanzi tangu mwanzo: nafasi kati ya nguzo, namna ya kuunga, njia ya mzigo kufika chini. Nyumba yako ilichorwa kwa ajili ya boriti za mbao zilizolala kwenye kuta za mawe. Ukibadilisha kimoja bila kingine, hesabu nzima inavurugika.

Kuhusu zege lenye mianzi badala ya nondo nitasema wazi zaidi, kwa sababu ni wazo linalorudi kila kizazi. Majaribio yake yana zaidi ya miaka mia moja, na hata maabara ya wahandisi wa jeshi la majini la Marekani iliwahi kutoa mwongozo wake mwaka 1966, kwa hiyo fundi wako hakulibuni. Tatizo ni hili. Zege bichi lina maji. Mwanzi huyanywa, unavimba, unasukuma zege likiwa bado changa. Zege likishakauka, mwanzi nao unakauka na kusinyaa, unaachana na zege pande zote. Nondo yenye meno hushikana na zege kwa miaka yote. Mwanzi unabaki umelala ndani ya tundu lake. Ukali wa saruji nao hula nyuzi za mwanzi, hasa unyevu ukiendelea kuwepo, na wewe unataka kuweka jambo hilo bafuni! Mwaka 2018 watafiti waliokusanya na kupima ushahidi wote huo walifikia uamuzi kwamba mwanzi si mbadala wa nondo kwenye zege, na mimi nakubaliana nao.

Hapo ndipo ile kauli ya kwamba mwanzi ni imara kuliko chuma inapomponza mtu. Ina chembe ya ukweli. Nyuzi za nje za mwanzi zikivutwa kwa urefu wake hustahimili megapaskali (kipimo cha nguvu kwa eneo la mkato) 100, 200 na zaidi, na chuma cha kawaida cha ujenzi huanza kusalimu amri kwenye megapaskali 250 hivi. Mwanzi una uzito wa kilo 600 hadi 800 kwa mita moja ya ujazo, chuma kilo 7,850. Ukigawa nguvu kwa uzito, mwanzi unashinda. Lakini ndani ya zege kinachotakiwa ni ukakamavu, na hapo chuma kina gigapaskali 200 wakati mwanzi una kama 15. Zege litapasuka nyufa pana kabla mwanzi haujaanza kusaidia chochote. Tena hiyo nguvu ni ya kuelekea urefu wake tu. Ukiuvuta mwanzi kwa upana, unapasuka kama unavyoujua.

Kuna jambo la uzito pia. Zege la unene wa milimita 100 lina kilo kama 240 kwa kila mita ya mraba. Sakafu ya mbao na boriti zake haifiki robo ya hapo. Kuta za mawe na chokaa zilizozoea mzigo mwepesi hazipendi kushtukizwa hivyo. Kwa bafu, afadhali ubaki na sakafu ya mbao iliyoimarishwa, ubao mgumu usioathiriwa na maji juu yake, na tabaka zuri la kuzuia maji chini ya vigae. Ukilazimika kumwaga zege, mwite mhandisi wa miundo, na alimwage kwa nondo.

Tuje kwenye kuta za ndani, ambako fundi wako yuko sahihi kabisa.

Ukuta wa fito zilizokandikwa udongo ni mfumo ambao watu wa mabara tofauti waliufikia bila kufundishana. Nchini Japani kuta za nyumba za jadi zina wavu wa mianzi iliyopasuliwa, umefungwa kwa kamba za majani ya mpunga, ukakandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu, na mara nyingi ukamalizwa kwa chokaa. Huko nyumba kongwe bado zinakarabatiwa kwa mtindo uleule. Nchini Kolombia wana ukuta wa fremu ya mbao na mianzi uliofunikwa udongo au chokaa, wanauita bahareque. Tetemeko la Januari 1999 lilipopiga eneo la mji wa Armenia nchini humo, kuta za namna hiyo zilizokuwa zimetunzwa zilistahimili vizuri kuliko nyingi za matofali yasiyo na chuma, kwa sababu ni nyepesi na zinayumba bila kuvunjika. Zilizoanguka, nyingi mianzi na mbao zake zilikuwa zimekwisha kuoza au kuliwa ndani kwa ndani. Baada ya hapo nchi hiyo iliuingiza mfumo huo rasmi kwenye kanuni zake za ujenzi, na kanuni za mwaka 2010 zina sura nzima ya mwanzi aina ya guadua.

Ninalipenda pendekezo hili kwa nyumba yako kwa sababu linafuata lugha iliyokwisha kusemwa na kuta hizo. Anayetengeneza jengo kongwe anapaswa kurudisha kitu kinachofanana tabia na kilichoondoka, chepesi kama kile, chenye kupumua kama kile. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, ambao wahifadhi wa majengo huurejea mpaka leo, unataka sehemu mpya ipatane na jengo lote lakini mtu makini aweze kuitambua kwamba si ya asili. Wavu wa mianzi mahali palipokuwa na fito unatimiza yote mawili: nje huoni tofauti, na atakayefungua ukuta baadaye ataiona mara moja.

Kwanza hakikisha kwamba kuta hizo hazibebi sakafu ya juu. Ukuta wa fito huenda ulijengwa kama kizigeu tu, lakini kwa miaka mingi boriti zikilegea huuegemea, na ukiubomoa wote kwa siku moja dari inakufuata. Tegemeza boriti kwa nguzo za muda, fanya kipande kwa kipande, na usiondoe udongo ulio mzima. Gonga ukuta kwa kiganja, panaposikika uwazi weka alama ya chaki. Hapo tu ndipo pa kufungua. Udongo unaoutoa usiutupe. Ukilowekwa, ukachekechwa na kuchanganywa na majani makavu mapya, unakandikwa tena. Sijui udongo gani utakaoshikana na ukuta wako vizuri kuliko wenyewe.

Mwanzi upasuliwe vipande vya upana wa sentimita 2 hadi 3. Kwa ndani mwanzi una nyama laini, yenye wanga, ambayo wadudu huipenda, ikwangue. Unapopigilia vipande kwenye fremu, elekeza upande wa ndani uangalie plasta, na ngozi ya nje, ile inayong'aa, iangalie nyuma. Mafundi wengi hufanya kinyume kwa sababu ngozi inapendeza machoni, kisha wanashangaa plasta ikidondoka. Ngozi ya mwanzi ina nta na silika, yaani madini kama ya mchanga. Plasta haina pa kushika. Acha nafasi ya sentimita moja hivi kati ya kipande na kipande ili udongo upenye, ujikunje kwa nyuma na kujifunga. Kila tundu la msumari litobolewe kwanza kwa keekee, vinginevyo kipande kitapasuka. Au funga kwa kamba, kama walivyofanya waliotangulia. Inachukua muda lakini haipasui kitu.

Kisha kandika udongo tabaka mbili, la kwanza likauke na kupasuka nyufa zake zote ndipo la pili lije, na umalize kwa chokaa. Wakolombia siku hizi hupiga chokaa chenye saruji au saruji tupu juu ya wavu wa waya, na kwa nyumba mpya zinazopangwa kukabili tetemeko wana sababu zao. Kwa ukuta wako ningebaki kwenye chokaa. Huenda utaniuliza: si chokaa nacho ni kikali kama saruji? Kikiwa kibichi, ndiyo. Lakini kadiri kinavyokauka hunyonya hewa ya kaboni na ukali wake hupungua, na kwa kuwa huruhusu unyevu kutoka, mwanzi ulio nyuma yake hubaki mkavu. Ukali bila maji haufanyi madhara makubwa.

Hayo yote hayana maana kama mwanzi haukutiwa dawa. Mwanzi ambao haukutibiwa, ukigusa ardhi nje, hudumu mwaka mmoja hadi mitatu. Chini ya paa, pakavu, labda minne hadi saba. Adui mkubwa ndani ya nyumba ni mbawakavu mdogo, Dinoderus, wa jamii moja na dumuzi anayemaliza mahindi ghalani. Hafuati nyuzi, anafuata wanga. Ndiyo maana umri wa mwanzi na majira ya kuukata ni muhimu. Ukatwe ukiwa na miaka mitatu hadi mitano, si chini ya hapo. Mwanzi mchanga unang'aa, una unga mweupe na maganda bado yameshikilia kwenye mafundo. Uliokomaa umefifia rangi na una madoadoa ya kuvu nje. Ukatwe pia baada ya msimu wa machipukizi kwisha, maana kabla ya machipukizi kutoka wanga umejaa. Ukiwa na shaka, dondoshea tone la ayodini kwenye mkato mbichi: ikigeuka bluu iliyokoza karibu na nyeusi, wanga ni mwingi.

Dawa ninayoipendekeza ni mchanganyiko wa boraksi na asidi ya boriki, zote mbili zikiwa na boroni. Kiasi cha chini ni kilo 5 za mchanganyiko, nusu kwa nusu, kwa lita 100 za maji. Wengi hutia mpaka mara mbili ya hapo. Kama mianzi ni mizima, toboa mafundo yote ya ndani kwa nondo ndefu, ili maji yafike kila pingili, maana ngozi ya nje haipitishi kitu. Iloweke wiki moja hadi mbili, kisha ianikwe kivulini ikiwa imesimama. Juani itapasuka. Vipande vilivyokwisha kupasuliwa huingiwa na dawa haraka zaidi, na hii ni faida nyingine ya kutumia mianzi kwenye kuta badala ya boriti. Vaa glavu, watoto na wajawazito wakae mbali na pipa, na maji yaliyobaki usiyamwage bustanini. Boroni nyingi huua mimea. Mafuta machafu ya gari, ambayo fundi wako huenda akayapendekeza, yakatae. Yananuka, yanachafua plasta, na yanauandaa ukuta kwa moto.

Muuzaji akikwambia mianzi yake imekwisha kutiwa dawa, kuna kipimo. Maabara hutumia kiowevu kinachotengenezwa kwa manjano, hayohayo ya jikoni: kikigusa boroni rangi yake hugeuka kutoka njano kuwa nyekundu. Mwambie akate mwanzi katikati, si kwenye ncha, maana ncha hupata dawa hata kwa mtu mvivu. Asipokubali kukata, umepata jibu lako.

Boroni ina kasoro moja kubwa: huyeyuka kwenye maji na kuondoka nayo. Wajenzi wa mianzi wa Amerika ya Kusini husema nyumba inahitaji buti nzuri na kofia nzuri, yaani msingi unaoinua mwanzi juu ya ardhi na paa linaloukinga na mvua. Kwa hiyo wavu wako uanze juu ya tabaka la mawe au matofali angalau sentimita 30 hadi 40 kutoka sakafu ya chini, na usipande kwenye ukuta wowote wa nje unaopigwa na mvua. Na kwenye ukuta unaopakana na bafu, sahau mianzi.

Moto nao tuuzungumze kwa kifupi. Mwanzi ni mwembamba na una hewa ndani, kwa hiyo ukiwa wazi hushika moto upesi. Ukiwa umefunikwa plasta pande zote mbili bila nyufa, hali inabadilika sana. Sehemu ya hatari ni uwazi ulio ndani ya ukuta: ukiachwa wazi kutoka chini hadi juu, moto unapanda ghorofani bila kuonekana. Kwenye usawa wa kila sakafu uzibe kwa mbao nene au udongo uliojazwa. Nyaya za umeme zipite ndani ya mabomba, na fundi umeme amalize kazi yake kabla ya kukandika.

Umeuliza kama ni rafiki wa mazingira. Mwanzi ni nyasi. Unakatwa na shina la ardhini linachipua tena bila kupandwa upya, na mwanzi unafika urefu wake wote ndani ya miezi michache tu, kisha hutumia miaka inayofuata kukakamaa. Kichaka kinachovunwa kwa mpangilio, mikongwe ikitolewa na michanga ikiachwa, hutoa mavuno kila mwaka. Hizo ni sifa za kweli. Lakini hewa ya kaboni iliyofungwa ndani ya mwanzi hurudi angani siku unapooza au kuchomwa. Ukuta unaoliwa ndani ya miaka mitano na kusukwa upya haujamsaidia mtu, umeongeza tu kazi na usafiri. Na kwenye nyumba yako, kitu chenye faida kubwa zaidi kwa mazingira hakinunuliwi. Ni hayo mawe, hicho chokaa, na hizo boriti nzima ambazo nishati yake ilitumika zamani. Kila boriti unayoiunga badala ya kuitupa inazidi mianzi mingi mipya. Fundi akikupa makadirio, angalia ni kiasi gani cha nyumba ya zamani kinachoenda jalalani, kabla ya kuangalia ni kiasi gani cha mianzi kinachokuja.

Kuhusu mbao za mianzi za kiwandani: zinafaa ghorofani, kwenye vyumba vikavu, zikilazwa juu ya mbao za zamani zilizonyooshwa. Hizi ni vipande au nyuzi za mwanzi zilizogandamizwa kwa gundi. Zile za nyuzi zilizoshindiliwa ndizo ngumu zaidi. Zile zenye rangi ya kahawia iliyopatikana kwa kupikwa kwa mvuke ni laini kidogo kuliko za rangi ya asili, ingawa wauzaji hawasemi. Uliza kuhusu gundi, uchague zile zilizothibitishwa kutoa kiasi kidogo cha fomaldehidi, gesi ya gundi inayodhuru afya. Ziache ndani ya chumba chenyewe siku kadhaa kabla ya kulazwa zizoee hewa yake, na acha nafasi ya sentimita moja hivi kuzunguka kuta. Chini, kwenye sakafu inayogusa ardhi ya nyumba kongwe, usizitumie. Unyevu unaopanda utazikunja. Na kama mbao za zamani bado zinaweza kusuguliwa na kupakwa mafuta, ningeacha hizo hizo na fedha niielekeze kwenye paa.

Mwisho, kwenye kila ukuta mpya mwambie fundi aache kidirisha kidogo cha mbao karibu na sakafu na kingine karibu na dari, vya kufungua kwa skrubu mbili. Vifungue kila baada ya msimu wa mvua, umulike kwa tochi. Unga laini wa rangi ya krimu chini ya matundu madogo ya mviringo ni dumuzi wa mwanzi. Vijia vya udongo ni mchwa. Unga ukiuona mapema, sukuma dawa ya boroni kwa bomba la sindano kwenye matundu hayo na kagua tena baada ya mwezi. Vijia vya mchwa ukiviona, usivikwangue tu. Vifuate mpaka ujue vinatokea wapi, kisha mwite mtu wa dawa na umwonyeshe.